Mashuka Thelathini na Nane ya Behewa la Tisa

Baada ya miaka thelathini na mitano na miezi kumi na moja kazini, mhudumu wa behewa la tisa la treni yetu, Zinaida Arkadyevna Loskutova, anastaafu tarehe 28 Februari 2023. Amekwenda na kurudi Ugolnoye, mji wa makaa ulio mwisho wa reli, mara 811, kilomita 1,900 kila upande. Zidisha mwenyewe: kilomita 3,081,800, nyingi za theluji, huku akilisha makaa jiko la maji ya chai.

Alipoanza, mji ulikuwa na migodi kumi na mitatu na tiketi zikigombaniwa. Leo mgodi ni mmoja. Wapo ofisini wanaosema huko hakuna anayekwenda. Wanakwenda binti mwenye kreti ya nyanya, mzee aliyetoka kutengenezewa meno, na siku hizi wageni wenye kamera, wanaosafiri saa arobaini na moja kupiga picha maghorofa matupu. Mmoja alimuuliza mji wa mizuka utaonekana lini. "Mzuka wa kwanza ni mimi," akamjibu. "Vua viatu, nimepiga deki."

Sasa nije kwenye jambo ambalo niliombwa niliruke. Siliruki.

Mwaka 1997 mgodi wa nne ulifungwa, na kituo chake kidogo, kilomita 1,894, kikafutwa kwenye ratiba. Watu hawakufutika. Kutoka stesheni ya mwisho hadi kwao ni kilomita sita kwa miguu, baridi ikiwa nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri. Lakini treni husimama palepale kila safari, kwenye taa nyekundu, kupisha mabehewa ya makaa. "Shangazi Zina, tufungulie!" walimwomba. Kanuni inakataza. Aliwafungulia miaka kumi na tisa, akiwawekea na kigoda cha kukanyagia.

Februari 2016 akaja mkaguzi. Behewa lenye abiria chini ya asilimia arobaini lilikuwa likatwe, na mji ule hauna barabara. Mkaguzi alisimama kwenye stesheni ya mwisho, akahesabu wanaoteremka: kumi na mmoja kati ya vitanda hamsini na vinne.

"Mama, behewa lako linabeba hewa," akasema.

Kila abiria wetu hurudisha mashuka yake kabla ya kuteremka. Zinaida Arkadyevna akaburuta fungu la mashuka ya abiria waliobaki behewani baada ya makutano ya mwisho ya reli, akalimwaga miguuni pake. "Hesabu na haya, baba."

Yalikuwa ya watu thelathini na wanane. Asilimia sabini.

"Na hawa ishirini na saba wamepaa?"

"Wapo kwao, wanakunywa chai. Nimewafungulia mimi kwenye taa nyekundu. Andika."

Angeweza kunyamaza. Miezi mitatu baadaye alikuwa avishwe nishani ya utumishi, inayoongeza pensheni. Alitia saini maelezo ya kurasa mbili, bila kumtaja mwenzake hata mmoja. Nishani ikafutwa. Behewa la tisa halikukatwa, na tangu Juni ile ratiba inasema: kilomita 1,894, dakika mbili.

Tunamshukuru pia kwa wahudumu kumi na wanne aliowafundisha, na kwa kutufukuza vitandani tulipojifanya wagonjwa. Wengi wetu tukistaafu tunahamia kusini. Yeye amechukua nyumba penye mgodi wa nne, ghorofa ya tatu, na amekwisha paka rangi madirisha.

Zinaida Arkadyevna, uishi vizuri, afya isikupungukie, wala makaa. Na kwa kuwa mwaka ule ulisaini peke yako nasi tukatazama viatu vyetu, jarida hili la wafanyakazi wa reli lipokee maelezo niliyokuwa nikidaiwa: kati ya mwaka 1999 na 2016, mlango ule niliufungua mara 212. Nishani yangu ya utumishi nimeirudisha ofisini leo asubuhi.

Arsen Vitalyevich Kuchumov,
mkuu wa treni