Grisi Apika Krimu

Mkewe: Haloo? Nani mwenzangu?

Grisi: Mimi.

Mkewe: Mimi nani? Akina mimi wako wengi.

Grisi: Mimi mumeo, bwana! Hata wiki haijaisha umeshanisahau sauti?

Mkewe: Namba ngeni hii. Nikadhani ni wale wa "hongera, umeshinda gari". Hujambo?

Grisi: Sijambo, mke wangu. Nyie huko? Bibi yako hajambo? Nati hajambo?

Mkewe: Bibi yuko uani anapepeta. Mtoto amelala. Na usimwite Nati. Mtoto wa kike haitwi jina la spea.

Grisi: Nati ni kitu kidogo, lakini ikikosekana kila kitu kinalegea. Jina gani litamfaa kuliko hilo?

Mkewe: Usinichekeshe, bado nimenuna. Simu yako iko wapi?

Grisi: Imeisha chaji. Hii ni ya… ya mwenzangu hapa gereji.

Mkewe: Gereji.

Grisi: Ndiyo. Lori bado liko juu ya mawe. Giaboksi tumeishusha, tunangoja spea. Bosi anasema itafika kesho. Jana pia alisema kesho. Sasa mimi hapa na—

Mkewe: Ngoja kwanza. Nani anacheka?

Grisi: Wapi?

Mkewe: Hukohuko gereji. Mwanamke anacheka. Hapana, wawili. Wewe! Ni kundi zima!

Grisi: Mtandao huo. Huku mtandao unakwaruza sana.

Mkewe: Mtandao ndio umesema "baba, koroga, mkono usilale"?

Grisi: Hiyo… hiyo ni redio.

Mkewe: Grisi.

Grisi: Naam.

Mkewe: Unakoroga nini?

Grisi: Nitakueleza, ila usipande juu. Niko gesti. Siyo chumbani! Niko uani, nyuma ya jiko, mchana kweupe, kwenye meza ndefu yenye plastiki. Mama mwenye gesti anafundisha wageni kutengeneza krimu.

Mkewe: Krimu ya keki?

Grisi: Ya kujipaka. Ya ngozi. Krimu ya asili, haina dawa za kiwandani. Ni nta ya nyuki, mafuta ya nazi na maji ya shubiri. Haloo? Uko hewani?

Mkewe: Niko. Naangalia simu, nione kama kweli ninaongea na mume wangu. Yule ambaye mafuta pekee anayoyajua ni ya breki?

Grisi: Ndiye huyu.

Mkewe: Jumapili nilikuuliza swali moja, hapo getini kwa Bibi, uliponishushia mabegi. Unalikumbuka?

Grisi: Nalikumbuka.

Mkewe: Liseme.

Grisi: Uliniuliza… kama namtaka mtoto au simtaki.

Mkewe: Nikasema ukipata jibu unipigie. Siku zote hizi simu ikilia roho yangu iko juu. Leo unapiga, unaniambia nta ya nyuki!

Grisi: Ndilo nataka kukujibu—

Mkewe: Bibi ameshanitolea nusu ya kabati. Anasema nikae hapa mpaka mtoto atembee. Anasema wanaume wa aina yako walikuwa wanangoja dume, wakipewa msichana wanapoa kama chai. Mimi nabisha, lakini nabishia nini? Tangu azaliwe hujamshika! Umemtengenezea kitanda chenye magurudumu ya beringi, kinateleza hakuna mfano, majirani wanakuja kukitazama. Lakini kumshika, wapi! Akilia unakisukuma kitanda kwa kiwiko. Kwa kiwiko, Grisi!

Grisi: Mke wangu—

Mkewe: Sasa niambie. Krimu hiyo unampikia nani? Kuna mtu huko?

Grisi: Astaghafiru! Mtu gani? Nimekaa katikati ya mama wawili wastaafu na bibi harusi mmoja na mumewe. Mumewe ndiye huyo amelala kwenye benchi.

Mkewe: Basi ni yangu. Mimi ndiyo nimechakaa.

Grisi: Sijasema—

Mkewe: Sema tu! Mtu anazaa, hapati usingizi, uso unakauka, halafu mume anasafiri kwenda kumpikia krimu badala ya kumwambia amependeza. Asante sana.

Grisi: Umependeza!

Mkewe: Sasa hivi? Kwenye simu?

Grisi: Hata kwenye simu. Lakini siyo yako hii.

Mkewe: Siyo yangu? Yaani unafunzwa kupika krimu na hata mimi hunikumbuki?

Grisi: Jamani! Nikisema yako kosa, nikisema siyo yako kosa!

Mkewe: (anacheka) Haya, basi ni ya mtoto. Nakuonya, usije ukampaka mwanangu nta yako ya kujifunzia. Yule ngozi yake changa.

Grisi: Najua ni changa. Hata ya mtoto siyo. Ngoja, mwalimu ananiita. Naam, mama? Ndiyo, nakoroga! Nakoroga na mkono wa kushoto, wa kulia una simu!

Mkewe: Anakugombeza?

Grisi: Tangu nimefika. Hii kazi si mchezo, mke wangu. Unayeyusha nta na mafuta kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria yenye maji, moto usiiguse moja kwa moja. Kisha yale maji ya shubiri unayapasha yawe na joto lilelile, ndipo unayamimina tone kwa tone huku unakoroga. Ukikimbilia tu, mafuta huku, maji kule, hayajuani tena. Ni kama kukaza bolti za silinda hedi. Huikazi moja ukaimaliza, unazizungukia zote kidogo kidogo.

Mkewe: Umemwambia mwalimu hivyo?

Grisi: Nimemwambia. Akasema mfano ameuelewa, ila nisizungumze, nikoroge. Na hii ninayokoroga ni sufuria ya pili. Ya kwanza niliiharibu.

Mkewe: Uliunguza?

Grisi: Afadhali ningeunguza. Nilitoka chini ya lori, nikanawa mikono kama kawaida.

Mkewe: Usiniambie ulinawa kwa dizeli.

Grisi: Mafundi wote tunanawa kwa dizeli! Inatoa grisi yote.

Mkewe: Halafu sabuni.

Grisi: Sabuni… niliona dizeli imetosha. Basi nikakaa. Krimu ikawa inaanza kushikana, nyeupe, laini, darasa zima linaifurahia. Mimi nikachovya kidole nipime uzito wake. Grisi unaipima hivyohivyo, unaivuta kati ya vidole uone inakatika wapi.

Mkewe: Mungu wangu.

Grisi: Nikachovya mara tatu. Kwenye sufuria ya watu wote. Mwalimu akainusa, akainua uso, akasema, "Jamani, hii ni krimu au ni jenereta?"

Mkewe: (anacheka mpaka anakohoa) Acha! Acha, utaniamshia mtoto!

Grisi: Bibi harusi alikuwa ameshajipaka shingoni. Mumewe akahamia benchi la mbali.

Mkewe: Ndiyo maana amelala huko! Na hawakukufukuza?

Grisi: Mimi mwenyewe nilisimama niondoke. Mwalimu akanirudisha. Akanipa sabuni ya magadi na limau, akanisimamia bombani kama mtoto wa chekechea mpaka harufu ikaisha. Akasema tuanze upya, na safari hii nikoroge mimi.

Mkewe: Huyo mama ana moyo. Lakini Grisi, wewe hata losheni ukipewa unasema inatelezesha spana. Nani alikuingiza kwenye darasa hilo?

Grisi: Shali.

Mkewe: Shali gani?

Grisi: Ya mwenye gesti. Alikuwa ananipa ufunguo wa chumba, mkono wangu ukapita kwenye shali yake, ukanasa. Ngozi hii imepasuka, unaijua. Nikavuta mkono, uzi ukafuata. Nikaomba radhi mpaka basi. Yeye akanishika kiganja, akakigeuza juu. Akaniuliza, "Baba, una mtoto?" Nikamwambia ninaye. "Mdogo?" Mdogo. Hakuuliza kitu kingine. Alisema tu darasa linaanza saa tisa. Haloo? Mtandao umekata?

Mkewe: Haujakata.

Grisi: Nasikia kama—

Mkewe: Siku tunatoka hospitali.

Grisi: Eeh.

Mkewe: Bibi alikupa mtoto pale mlangoni. Mkono wako ukanasa kwenye shali ya mtoto.

Grisi: Ukafumua nusu ya ua la shali. Mtoto akashtuka, akalia.

Mkewe: Na Bibi akasema—

Grisi: "We bwana, huyu ni mtoto, si mlango wa kupigwa msasa."

Mkewe: Tukacheka.

Grisi: Mlicheka wote. Hata mimi nilicheka.

Mkewe: Halafu ukamrudisha kwa Bibi.

Grisi: Nilimrudisha.

Mkewe: Grisi, ule ulikuwa utani! Bibi anamtania kila mtu, mimi mwenyewe ananiita mke mwenza!

Grisi: Najua ni utani. Lakini alisema kweli. Umelishika lile shavu lake? Umelishika vizuri? Mimi sijawahi kuona kitu laini namna ile, na mikono yangu imeshika vyuma tangu nikiwa kijana. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini namwinamia pale kitandani. Natamani nimnyanyue, nakaribia kabisa, halafu naitazama mikono, naitia mfukoni. Nikimtia alama je? Usoni? Ndiyo maana kiwiko. Kiwiko angalau hakijapasuka.

Mkewe: Na hukuniambia.

Grisi: Ningeanzaje? Mwanamume mzima niseme naogopa shavu?

Mkewe: Mimi nikakaa na kinyongo miezi miwili. Nikafunga mabegi!

Grisi: Basi jibu lako ndilo hilo. Hii krimu ni yangu mimi, ya mikono hii. Namtaka mtoto. Namtaka mpaka nahisi vibaya. Sikutaka dume mimi, nani alisema nataka dume? Nilitaka yeyote, akaja yeye, na sasa nataka yeye tu. Nilitaka nirudi na mikono ya kumshikia ndipo—

Mkewe: Grisi—

Grisi: Ngoja, simu ya watu inalia "ti-ti", salio linakwisha. Sikiliza, nilikuwa nasema ndipo nije hapo kwa Bibi nikuombe—

(Simu inakatika. Inaita tena.)

Grisi: Haloo! Nilikuwa bado nimeishikilia simu!

Mkewe: Nimekupigia mimi. Umesema uje kwa Bibi kuniomba nini?

Grisi: Mrudi nyumbani.

Mkewe: (anapenga kamasi)

Grisi: Unalia?

Mkewe: Silii. Bibi amekaa hapa pembeni na ungo wake, ameyasikia yote, yeye ndiye analia. Anasema ulimi wake utamponza siku moja. Anasema pia umletee kopo moja la hiyo krimu, visigino vyake vimepasuka.

Grisi: Mwambie shikamoo, kopo la kwanza ni lake.

Mkewe: Bibi, anakuamkia. Haya, ameitika. Sasa niambie, mwalimu wako anasema mikono hiyo italainika lini?

Grisi: Wenzangu amewaambia siku chache tu. Mimi alipofika kwenye mikono yangu alivuta pumzi kwanza. Kasema nipake asubuhi na jioni, nivae soksi mikononi nikilala, labda baada ya mwezi.

Mkewe: Mwezi! Na mwezi mzima huo utakuwa wapi?

Grisi: Nilifikiri mngebaki hapo kwa Bibi kwanza, mpaka—

Mkewe: Sikiliza we fundi. Mimi sikai hapa mwezi mzima kungoja ngozi. Lori likiwaka tu, usipitilize nyumbani. Pitia hapa utuchukue.

Grisi: Na mikono hii?

Mkewe: Hiyohiyo. Kwani unayo mingine?

Grisi: Na shavu lake?

Mkewe: Litaizoea. Mimi si niliizoea?

Grisi: Hukuwahi kuniambia kama inakwaruza.

Mkewe: Inakwaruza sana.

Grisi: Mbona hukusema?

Mkewe: Kwa sababu ungeitia mfukoni.

Grisi: Mke wangu.

Mkewe: Bee.

Grisi: Akilia je? Nikimshika, halafu akalia?

Mkewe: Akilia utambembeleza. Unadhani sisi hatuliliwi? Mimi ananililia usiku kucha, na mikono yangu laini. Eh, huyo! Ameamka. Haya, kwaheri, nimwahi.

Grisi: Ngoja, ngoja kidogo! Weka simu karibu, nimsikie—

Mkewe: Simuwekei simu. Njoo, utamsikia mikononi mwako. Kwaheri, baba Nati, kwaheri—