Nafasi ya Nelda Mbele ya Boti

Jumatano tarehe 21 Februari 2018, saa kumi na mbili jioni, mke wangu Nelda Rae Oswalt alikuwa mezani jikoni kwetu Jasper, akibadilisha ndoana zilizofubaa kwenye vyambo vyake vyekundu, maharage yakiwa motoni na mkate wa mahindi umeshakatwa, simu ikaita, akaiweka kwenye spika kwa kuwa mikono yake ilikuwa na mafuta, na sauti iliyojaa jikoni ilikuwa ya Dub Castleberry, mwenzake wa mashindano ya uvuvi.

"Bibie, maji yamepata joto, samaki wameshaanza kusogea kwenye majani. Jumamosi mashindanoni tunawamaliza."

"Utakachomaliza wewe ni biskuti zangu, kama kawaida yako."

"Msalimie Profesa."

"Anakusikia, mzee. Kanuna hapa."

Sikuwa nimenuna. Tulikula, nikaosha vyombo, akaenda kulala mapema, na hilo lilikuwa jambo la mwisho la kawaida kutokea nyumbani kwetu.

Nelda alizaliwa tarehe 3 Novemba 1955 huko Zavalla, hapa hapa mashariki mwa Texas, mtoto wa pili wa marehemu Orval Pruitt, fundi wa kiwanda cha mbao, na marehemu Inez, akasoma Zavalla hadi alipomaliza sekondari mwezi Mei 1974, akaenda Houston kusomea ufamasia, akahitimu mwaka 1979, na mwaka huo huo akaajiriwa katika duka la dawa hapa Jasper, alikofanya kazi hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2015, na wengi mlioketi hapa mmepokea dawa kutoka mkononi mwake pamoja na karipio la kutomaliza dozi.

Tulifunga ndoa katika kanisa hili Jumamosi tarehe 18 Juni 1983, nikiwa mwalimu kijana wa historia chuoni, tukajaliwa watoto wawili, Corinne mwaka 1986 na Lyle mwaka 1989, na wajukuu watatu.

Uvuvi alifundishwa na baba yake tangu utotoni, lakini mashindano aliyaanza mwaka 2001, alipojiunga na klabu, kura ikampanga na Dub, muuza magari, na baada ya hapo hawakupangwa tena kwa kura. Kwa wale mliotoka upande wangu wa chuoni, niseme kwamba samaki wao ni besi, mwenye mdomo mpana, ambaye mwisho wa baridi hujificha kwenye majani yaliyoota chini ya maji, na chambo chake Nelda ni samaki bandia bapa, mwenye gololi tumboni zinazogongana kwa mlio, anayerushwa mbali na kuvutwa juu kidogo ya ncha za majani, akiyagusa bila kuzama ndani yake. Kikinasa, mgeni hukivuta polepole, naye huleta fungu la majani. Mjuzi huishtua fimbo ya kuvulia mara moja, chambo kinachomoka kama samaki anayekimbia, na hapo ndipo besi humeza. Mwezi Aprili 2004 alinichukua kwa boti ya kukodi, nikavuta polepole mara tatu, akacheka mpaka akaketi.

"Harlan, mpenzi, umeleta saladi ya kutosha kanisa zima!"

Sikualikwa tena, wala sikuomba.

Boti ilikuwa ya Dub, na mwenye boti ndiye husimama mbele, anakorusha kwenye maji ambayo hayajaguswa, wa nyuma akiokota kilichobaki, lakini tangu msimu wa pili Dub alimpa Nelda nafasi ya mbele, yeye akasimama nyuma kwa hiari yake. Hapa mjini hakuna aliyenong'ona, kwa kuwa hapakuwa na cha kunong'ona. Nilimwonea wivu kwa jambo jingine: alimjua mke wangu kwa mgongo, akitazama tu jinsi mabega yake yalivyotikisika angejua kama amegusa jani, gogo au samaki, na mimi niliyelala kando yake miaka thelathini na nne sikuweza kusema hata kama alikuwa amechoka, isipokuwa aseme mwenyewe.

Maradhi ya moyo yaligundulika mwezi Oktoba 2016, akatumia dawa bila kuruka dozi hata moja, hadi alfajiri ya Alhamisi tarehe 22 Februari alipoanguka bafuni, tukamkimbiza Lufkin, akalazwa chumba cha wagonjwa mahututi. Ijumaa asubuhi alizinduka, Corinne akiwa upande mmoja na mimi upande wa pili, nikitarajia neno la mwisho kwangu. Alisema, "Mwambie Dub atafute mtu. Asikae nyumbani kwa ajili yangu." Aliaga dunia siku hiyo, tarehe 23 Februari, saa tisa na dakika ishirini alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Nilimpigia Dub kutoka kwenye korido. Alilia kwanza yeye, na hilo nalo lilinichoma. Kisha nikampa ujumbe.

"Mpwa wangu anaweza kusimama mahali pake," alisema, "lakini mimi sina moyo wa kwenda."

"Amesema uende. Na mtu amepatikana."

"Nani?"

"Mimi."

"Profesa, hata kurusha hujui."

"Andika jina langu."

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Lufkin, majirani wa mtaa wetu walioleta chakula kingi kuliko friji yetu, wafanyakazi wenzake wa dukani, wenzangu wa chuoni, na wanachama wote wa klabu, na Bwana Castleberry namshukuru kwa kiasi anachostahili, ambacho ni kikubwa kuliko nilivyopenda kiwe.

Asubuhi iliyofuata, Jumamosi tarehe 24 Februari, Corinne akiniambia, "Baba, watu watasemaje?" nilivaa koti la mama yake la mvua, lililonibana mikononi, nikaenda kwenye gati kabla ya jua, Dub akanitazama, akaenda nyuma, nami nikapanda mbele. Nilirusha hadi saa nane mchana. Nilileta majani, kisha majani zaidi.

"Ishtue, Harlan," Dub alisema, mara ya kwanza kuniita kwa jina. "Ishtue, mzee wangu, usiibembeleze."

"Simama huko huko nyuma, Dub."

Alisimama huko huko, na ingawa angeweza kuvua, hakurusha hata mara moja. Mbele ya mizani waandaaji walipouliza uzito wa samaki wetu nilisema hatuna kitu, umati ukavua kofia, na niliporudi kwenye gari mabega yakiniuma nilikuwa na hakika ya jambo moja, kwamba siku ile hakuna mtu mwingine aliyesimama mahali pako. Pumzika, Nelda, mke wangu.