Zimwi Linaloogopa Kuku

Benchi letu liko mbele ya duka la kinyozi, mguu wake mmoja ni matofali. Jumamosi ile kahawa ilikuwa nzito, ila Breki, dereva mstaafu, alikuwa mzito zaidi. Mjukuu wake alikuwa na wiki tatu kwake tangu mama mtu aende kazini mbali, na muda wote huo hakucheka. Jana yake tu, Breki alipompeleka kwenye filamu ya zimwi linaloogopa kuku, mtoto alicheka mpaka akashika mbavu. Sasa babu alitaka tumwambie kilichomchekesha, ili akirudie nyumbani.

— Ni kuku, akasema Kinyozi.

— Kuku wapi? Ni yule malkia anayekoroma mpaka taji linaanguka, akasema fundi viatu, tunayemwita Profesa kwa sababu hajawahi kukiri kwamba kuna kitu asichokijua.

— Kwani umeiona?

— Nimesimuliwa.

Kinyozi akadai rangi ya zimwi imetiwa dawa. Eti ukiitazama dakika kumi mbavu zinalegea zenyewe, uwe na miaka mitano au sabini.

— Bibi yangu naye kacheka, na hajacheka tangu ang'olewe meno.

Profesa akatikisa kichwa. Kwake yeye zimwi lile halikuigizwa, lilikodiwa porini likiwa hai.

— Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Limemtambua mtoto, basi.

— Methali hiyo ni ya kuliwa, Profesa, nikamwambia.

— Na kucheka si kuliwa kidogo kidogo?

Breki hakutabasamu. Nilimwonea huruma.

— Leo asubuhi nimemkimbia kuku wa jirani, uani, mara mbili, akasema. Mtoto kaniuliza kama naumwa.

Hapo ndipo mjukuu mwenyewe akaja kumwita babu yake akanywe chai. Alikuwa ametusikia tangu kwenye kona.

— Babu, kwani wewe ulicheka wapi?

Breki akamtazama Kinyozi, akamtazama Profesa. Hata Profesa aliinamia kikombe.

— Sijui, mama. Filamu sikuiona. Nilikuwa nakuangalia wewe.

— Filamu nzima?

— Nzima.

— Hata kuku hukumwona?

— Hata kuku.

Mtoto akamkazia macho babu yake, kisha akaanza kucheka, akashika mbavu, akakaa chini kabisa. Na pale kijiweni hapakuwa na kuku hata mmoja.