Mama Barafu Anakabidhi Ufunguo

Kati ya Ijumaa tarehe 13 na Jumatatu tarehe 16 Machi mwaka huu, maabara yetu ilipoteza sampuli 146 za bakteria wapenda baridi, kati ya 212 zilizokuwepo. Jumanne tarehe 30 Juni itampoteza na aliyezipanga, Bi. Hosiana Angetile, anayestaafu baada ya miaka 32 ya utumishi.

Mzaliwa huyu wa Ndandalo aliajiriwa Julai 1994 kupima maji ya visima. Mwaka 2003 alichaguliwa kukaa wiki kumi na moja kwenye meli ya utafiti kaskazini kabisa mwa dunia, ambako bahari huganda mpaka watu hutembea juu yake. Mama yake alimfungia kilo tano za mchele, maana hakuamini kwamba pasipo na udongo pana cha kula. Barua ya mkuu wa safari inamshukuru kwanza kwa wali, kisha kwa kazi.

Alirudi na sampuli za viumbe wasioonekana kwa macho, wanaostawi kwenye nyuzi 4 na wengi wao kufa wakifika 20. Asubuhi ya hapa Kyela kwao ni tanuri. Sisi tulitaka kuwapanga kwa rangi, wa njano huku, wa waridi kule. Akatupeleka soko la Lyulilo tukaone wanunuzi wanavyogonga chungu kwa kidole kabla ya kulipa. Vyungu viwili hufanana, akasema, ila sauti hazifanani. Kwa hiyo kila sampuli aliiotesha kwenye nyuzi 4, 15 na 20, akaandika inapostawi na inapokufa. Muuza vyungu mmoja, Neema, aliposikia kazi yetu alimwambia wadudu hao awalete sokoni mwezi wa Novemba, joto likiwa kali, wapate adabu. Jina la Mama Barafu lilianzia hapo, kinywani mwa Neema.

Alipata makundi 17. Kumi na mawili yalishajulikana kwa wataalamu. Matano yalikuwa yanasubiri majina.

Ndipo Ijumaa ile ya Machi wakaja wageni, tena kumpongeza yeye. Kwetu mgeni hapewi soda ya moto, basi mtu akachomoa waya wa friza la nyuzi 80 chini ya sifuri, akachomeka friji la soda. Wageni wakanywa, wakaondoka, waya haukurudishwa. Mimi ni fundi wa majokofu, kazi niliyojifunza kwa kufungua mabovu, na mlango wa friza hilo niliufungua mimi Jumatatu. Ndani: nyuzi 29.

Mama Barafu hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba angalau wageni walikunywa ya baridi. Akavaa koti, akaanza kuotesha upya, mrija mmoja mmoja, wiki saba. Zilifufuka 66. Katika yale makundi matano limebaki moja, mirija mitatu.

Aliyefundishwa kazi hii ni mmoja tu, Bi. Lusungu, miaka tisa sasa. Mkataba wake nao unaisha tarehe 30 Juni. Nimeuandikia uongozi kuomba mkataba huo uongezwe, tarehe 18 Machi na tarehe 20 Aprili. Mara zote mbili nimejibiwa kwamba suala linashughulikiwa.

Mama, ndaga fijo, asante sana. Kapumzike Ndandalo, kakao izae na magoti yakupe nafasi.

Kwa uongozi: ufunguo wa friza uko mfukoni mwa Mama Barafu. Bi. Lusungu anaupokea, ndiyo au hapana? Jibu liwe la maandishi, kabla ya saa nne asubuhi, Ijumaa tarehe 26 Juni.

Zebedayo Oscar
Fundi wa majokofu