Emil Hruska na Injini za R-5

Tarehe 30 Juni 1957, Bwana Emil Hruska anastaafu baada ya kuitumikia reli yetu ya milima ya Pennsylvania kwa miaka arobaini na moja. Sehemu kubwa ya miaka hiyo aliipitisha ndani ya injini za mvuke za R-5, na historia yao haisimuliki bila kumtaja yeye.

R-5 ya kwanza ilitoka kiwandani mwaka 1921: magurudumu makubwa manane, nzito kuliko zote tulizokuwa nazo, kwa ajili ya kupandisha makaa ya mawe mlimani. Madereva wengi walizikwepa. Ndani mlikuwa na joto kama tanuri, na kwenye mahandaki moshi uliwalazimisha kupumua kupitia leso iliyoloweshwa. Hruska aliziomba mwenyewe. "Uzito si neno," alisema, "hata mimi nimenenepa."

Uzito huo ndio uliotuokoa katika mafuriko ya Machi 1936. Mto ulifika kwenye reli za daraja la Corbin Fork, nalo likaanza kutikisika. Ng'ambo kulikuwa na hospitali na nyumba zetu, na barabara ilishasombwa. Mkuu wa stesheni akatafuta mtu wa kupeleka R-5 juu ya daraja, uzito wake ulikandamize lisisombwe na maji. Hruska akapanda, na mtia makaa wake, Dewey Pruitt, akamfuata.

"Shuka wewe, Dewey, una watoto."

"Kwani wa kwako ni wa kuazima? Sogea huko, mzee, nitie makaa."

Walikaa pale kutwa nzima, maji yakipita chini ya miguu yao. Mkewe, Ludmila, alikuja ukingoni akapaza sauti: "Emil! Ukizama, nyumbani kwangu usikanyage!" Hruska akamjibu kwa honi. Daraja halikung'oka. Kesho yake treni ya dawa na mikate ilipita juu yake.

Injini za dizeli zilipokuja, R-5 ziliuzwa chuma chakavu moja baada ya nyingine. Hruska alijifunza dizeli bila kinyongo. Alilalamikia kiti tu, kwamba ni laini mno, kinaleta usingizi. Lakini mwaka jana, R-5 ya mwisho ilipotakiwa kupelekwa kukatwa, aliomba aipeleke yeye. Alipofika alishika tambara, akafuta taa, madirisha na namba.

"Mzee, unasafisha ya nini?" mkata chuma akamwuliza. "Kesho tunaikata vipande."

"Kesho ni yako. Leo bado iko kazini."

Bwana Hruska, asante. Sisi uliotufundisha kazi tunakuombea wewe na Bi. Ludmila afya njema, miaka mingi, na usingizi usiokatizwa na mtu wa zamu anayekuja usiku kukuita kazini.