Waliompigia Kura Ekiru Lokol

Bwana asifiwe, na salaam aleikum kwa ndugu zetu Waislamu mlioacha shughuli zenu mkaja kusimama nasi hapa Kiwanjani. Wachungaji, wazee wa mtaa, walimu na wanafunzi wa chuo, majirani, na jamaa wote mliotoka Gotu na Oldonyiro, familia ya mzee Lokol imempa Judy Nakuam, dada mkubwa wa marehemu, aliyesimama mbele yenu, kazi ya kusoma maisha ya ndugu yake, na kwa kuwa ndugu huyo alipenda kila jambo lifuate utaratibu, ataanza mwanzo na kwenda hadi mwisho bila kuruka mahali.

Simeoni Ekiru Lokol alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Aprili 2001 huko Gotu, upande wa Ngare Mara, akiwa mtoto wa pili na mvulana wa pekee wa mzee Lokol na mama Esther, na kwa sababu mvua ilikuwa ikinyesha asubuhi hiyo, nyanya yake alimpa jina la Ekiru kabla hata hajaoshwa. Mwaka 2008 familia ilihamia hapa Kiwanjani baba alipopata kazi ya ulinzi mjini, na majirani wa wakati huo watakumbuka mtoto mwembamba ambaye hakugusa chakula kabla baba yake hajanawa mikono, hata siku ambazo mzee alichelewa kazini na ugali ukapoa, huku dada yake akiwa ameshakula zamani na kwenda zake kucheza.

Alisoma shule ya msingi Gotu, kisha hapa mjini, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2015, akajiunga na sekondari Januari 2016 na kumaliza kidato cha nne Novemba 2019. Mwaka 2020, shule na makanisa yalipofungwa, alikaa na mbuzi wa babu yake Gotu, na hapo ndipo alipopenda kazi ya kutibu mifugo. Septemba 2021 alipata nafasi ya kusomea stashahada ya afya ya mifugo katika chuo kilichoko nje kidogo ya mji wetu, na familia ilifurahi sana, maana hakuna mtu wa nyumba hii aliyekuwa amevuka geti la chuo kabla yake isipokuwa baba, naye alivuka kama askari wa zamu.

Ekiru aliingia chuoni na mashati mawili yaliyopigwa pasi, tai moja ya baba, na mawazo ambayo wenzake waliona ni ya watu wa miaka sabini. Aliona hosteli haina usingizi kwa sababu ya disko, akaona wavulana wakiingia hosteli ya wasichana kama wanaingia dukani, akaona mwalimu akizomewa darasani na watu wakapiga makofi, na mambo hayo yalimuuma kweli kweli. Kwa hiyo mwaka 2022 alianzisha chama alichokiita Kambi ya Nidhamu, akitaka geti lifungwe saa nne usiku, wageni watoke hosteli kabla ya giza, mikutano ianze kwa sala kila mtu kwa dini yake, watu wavae nguo za heshima, na pasiwe na mgomo wowote kabla ya wazee wa pande zote kukaa chini na kuzungumza. Dada yake hakukubaliana naye katika mengi ya hayo, walibishana juu ya suruali hii aliyoivaa dada leo mpaka mama akawatoa nje wote wawili, lakini haya ni maisha ya Ekiru, na yatasomwa kama alivyoyaishi.

Walimwita Chifu, wakamwita Askofu, wakamwita Babu. Alibandika matangazo ya mikutano ubaoni, yakachanwa, akabandika mengine, na kila Jumatatu jioni alipanga viti katika chumba alichopewa, akaomba, akatoa hotuba yake yote, akaomba tena, akarudisha viti mahali pake, na katika Jumatatu nyingi hakuna mtu aliyeingia. Siku moja aliingia Isacko, kijana wa Kiborana wa darasa lake, akasalimia, akakaa nyuma, akasikiliza mpaka amina ya mwisho, na Ekiru alipomkimbilia kwa furaha kumshika mkono, Isacko akamwambia kwa aibu, "Bro, usiskie vibaya, mimi nilikuja kuchukua viti vya kuonea mpira, lakini baba yangu alinifunza mtu akiongea huwezi kutoka." Ekiru alisimulia habari hiyo nyumbani akicheka peke yake, na mama akajua kwamba mtoto wake ana upweke.

Mnamo Ijumaa tarehe 3 Machi 2023 ulifanyika uchaguzi wa mwenyekiti wa wanafunzi, na wanafunzi mlioko hapa mnajua jinsi mambo hupangwa, kwamba kila jamii hukaa kikao chake, viti hugawanywa mapema, na mpiga kura huenda kwenye sanduku akiwa ameshaagizwa. Wagombea wakubwa walikuwa Arero na Gikunda, kila mmoja akiwa na jamii yake nyuma yake, na Waturkana wachache wa chuo, watu wa kwao Ekiru, walipewa kiti cha mambo ya chakula, ambacho Ekiru alikikataa, akasema atagombea uenyekiti kwa fikra zake, si kwa kabila lake, na hata hao wachache wa kwao wakamkasirikia.

Siku ya mwisho kabla ya kura, kikao cha Gikunda kilikaa karibu na kibanda cha miraa, na Gikunda, ambaye ni mtu muungwana na yuko hapa leo, aliwaambia watu wake, "Huyu Ekiru tusimwache na sifuri, ni jirani, kesho tutapatana na yeye soko. Watu wachache wampee." Upande wa pili, katika ukumbi wa chakula, Arero alikuwa anawaambia watu wake maneno hayo hayo, kwamba kumwacha mtu wa watu na aibu mbele ya chuo si tabia nzuri, na wachache wamsaidie. Lakini hakuna aliyetaja ni kina nani hao wachache. Kila mmoja alipofika kwenye sanduku aliona kura ya kambi yake iko salama mikononi mwa wengine, akajihesabu miongoni mwa wachache, na jioni msimamizi wa wanafunzi aliposoma matokeo, Simeoni Ekiru Lokol alikuwa ndiye mwenyekiti.

Ukumbi mzima ulicheka, watu wakacheka mpaka wengine wakashika meza. Desturi ni mshindi kubebwa mabegani kwa nyimbo na matawi hadi mjini, na Ekiru alisimama mbele ya ukumbi akiwa ameshafunga kifungo cha juu cha shati, akingoja kwa adabu, na hakuna aliyekuja kumbeba. Alishukuru watu wote, akawaombea, akatoka, akatembea kwa miguu kutoka chuoni mpaka hapa Kiwanjani akiwa peke yake, akamwambia mama, "Nimeshinda." Mama alipiga vigelegele pale mlangoni mpaka majirani wakatoka nje, na hao ndio waliomshangilia.

Hadithi ya vile vikao viwili ilijulikana kabla ya wiki kwisha, wapinzani wakaziita kura za huruma, na tangu siku hiyo jambo moja halikumtoka rohoni. Alitaka kujua kama kati ya wale wote waliomchagua yuko hata mmoja aliyefanya hivyo kwa sababu aliamini maneno yake. Angeweza kuuliza, chuo si kikubwa kiasi hicho, lakini alishikilia kwamba kura ni siri ya mtu na Mungu wake, na kumuuliza mtu alimpigia nani ni kumvunjia heshima, kwa hiyo alikaa na swali lake. Akikutana na mtu kwenye njia ya hosteli alimtazama usoni kidogo, akamsalimia, akapita.

Aliongoza mwaka mmoja. Geti lilifungwa saa nne, disko lilihamishiwa mjini, na wapo waliomlaani mchana na kulala vizuri usiku. Oktoba 2023 maji yalikatika hosteli, wanafunzi wakaamua kugoma, na Ekiru akasema hapana, kwanza twende na wazee kwa mkuu wa chuo, wakamwita msaliti, wakatoka wote na matawi barabarani. Asubuhi hiyo aliingia darasani, akakaa kiti chake cha kila siku, na mwalimu wake, Bi. Kagwiria, alifundisha somo zima la homa ya mapafu ya mbuzi kwa mwanafunzi mmoja, akaandika ubao mpaka ukajaa, kisha akauliza kama kuna mwenye swali, na Ekiru akainua mkono kwanza, akangoja kuruhusiwa. Mchana alienda kwa mkuu wa chuo pamoja na baba yake na mzee mmoja wa mtaa, wakaongea taratibu. Maji yalirudi siku chache baadaye, kila upande ukadai ndio ulioyaleta, na Ekiru akaondolewa kwenye grupu ya WhatsApp ya darasa lake, asirudishwe tena.

Alihitimu Desemba 2024, na picha tuliyoweka juu ya jeneza ni ya siku hiyo, akiwa kati ya baba na mama, kwa sababu hana picha ya chuo akiwa na mtu mwingine. Februari 2025 aliajiriwa kwa mkataba kuchanja mifugo Oldonyiro, na wafugaji wa huko walimpenda sana, walimwita daktari, walimngoja siku ya soko. Alikodi chumba nyuma ya duka, na jioni alimpigia simu dada yake, wakaongea habari za mbuzi, halafu kila mara aliuliza, "Judy, unafikiri alikuwako hata mmoja?" na dada yake, aliyechoka na swali hilo, alimwambia, "Lala, kesho una mbuzi."

Kuhusu ndoa, marehemu hakuoa wala hakuacha mtoto. Alimpenda Kaari, binti wa majirani zetu wa miaka mingi, lakini hakutaka kukaa na msichana kabla wazazi hawajaketi na mahari haijatolewa kwa njia inayostahili, na alipokuwa bado anakusanya mbuzi wake Kaari alichoka kungoja, akaolewa Nkubu kwa heshima zote. Ekiru alihudhuria harusi hiyo, akasaidia kugawa soda. Kaari yuko hapa, na familia inamshukuru kwa kuja.

Mwezi wa Juni 2025 alianza kuvimba miguu na kuchoka, akapimwa, ikaonekana figo zote mbili zimeshindwa, akarudi nyumbani na kuanza kusafishwa damu kwa mashine. Isacko alimtembelea mara kadhaa, akamletea maziwa ya ngamia ambayo madaktari walimkataza kunywa, wakakaa wakiongea habari za mvua, na kila Isacko alipoondoka, Ekiru alitazama mlango, na dada yake alijua alitaka kumuuliza nini, na alijua pia kwamba hatauliza. Aliaga dunia Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, saa kumi na mbili asubuhi, mama akiwa amemshika mkono wa kulia, akiwa na umri wa miaka ishirini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole mpaka mwisho, majirani wa Kiwanjani mliopika na kulala nasi nje siku zote hizi, wafanyakazi wenzake wa Oldonyiro na wafugaji waliouza mbuzi wao ili kusaidia matibabu, wachungaji na mashehe mliokaa pamoja katika hema moja, Bi. Kagwiria na walimu wote, na wanafunzi mliokuja na basi zima, wengine mkiwa mmesimama njia nzima. Mmemvalia fulana zenye uso wake. Ni nyingi, na lazima isemwe kwamba zinauma kuzitazama, kwa sababu mtu huyu alipanga viti Jumatatu nyingi.

Limebaki jambo moja. Ekiru hakuwauliza kwa sababu ya adabu yake, na adabu hiyo ilikuwa yake, dada yake hakuzaliwa nayo. Ninyi mliompa kura kwa ujirani, kaeni tu, mlifanya wema na tunawashukuru. Lakini kama uko hapa wewe uliyeingia pale ukachagua jina lake kwa sababu ulisikia maneno yake ukaona ni ya kweli, hata kama hukumwambia, hata kama ulicheka na wengine ukumbini, familia inakuomba usimame pale ulipo kabla hatujaliinua jeneza. Usitutazame sisi, mtazame yeye, na usikae mpaka apite.

Simeoni Ekiru, mwana wa Lokol, Mungu akupe amani, upumzike. Judy amekuulizia swali lako.