Nani Anamtambua Huyu?

Simu ya mwenye nyumba wangu ililia mara moja, ikakatika.

Ilikuwa saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi. Nilifungua macho katika chumba cha nyuma ninachopanga kwa Papa Dieudonné, nikasubiri, kama ninavyosubiri kila wiki. Kule Baraka, Kongo, kando ya ziwa, ilikuwa saa moja ya jioni. Mlio mmoja maana yake niko hai. Anayepigiwa naye hurudisha mlio mmoja: nimesikia. Watu wa kwao wamezoea kubipu hivyo tangu siku ambazo vocha ilikuwa haipatikani, na binti ya Papa Dieudonné ameendelea kubipu hivyo kwa miaka miwili, tangu alipoacha kazi yake ya uuguzi Penrith, hapa Australia, akafunga sanduku moja na kurudi alikozaliwa. Baba yake alimwambia mlangoni, mbele yetu sote: "Ukivuka hapa, jina lako linabaki hapa." Tangu siku hiyo halijatamkwa katika nyumba ile. Mama yake husema tu "wa kule". Na Papa Dieudonné hajawahi kurudisha mlio. Nilisikia kitanda chake kikigunaguna upande wa pili wa ukuta.

Alasiri yake tulikuwa kijiweni. Benchi letu ni la kanisa, refu, la mbao nzito. Parokia moja ililitoa barabarani siku ya halmashauri kuzoa vitu vikubwa vya kutupwa, nasi tukalibeba watu wanne hadi mbele ya saluni, hatua chache kutoka stesheni ya Blacktown. Upande wenye jua hukaa Mutua, Mkenya wa mambo ya kompyuta, tunayemwita Singapore kwa sababu hawezi kumaliza hoja bila kufika huko. Katikati hukaa Mirindi, tunayemwita Kijana, kwa kuwa ndiye mwenyekiti wa vijana wa jumuiya ya Wakongo tangu mwaka aliotua; majuzi ametimiza arobaini na nane. Mwishoni, mgongo wima, hukaa Papa Dieudonné, yaani Préfet, aliyekuwa mkuu wa sekondari kwao na sasa anapanga maboksi ghalani. Maman Généreuse, anayeogesha wazee kwenye nyumba ya wazee, ndiye mwenye chupa ya kahawa ya tangawizi. Kwa hiyo ndiye anayeamua nani anyamaze.

— Wasee, sikizeni huyu waziri, alisema Singapore akiinua simu. Ana miaka sabini na sita. Anasema vijana ni viongozi wa kesho.

— Kesho gani? aliuliza Généreuse. Mimi niliambiwa hivyo nikiwa na miaka kumi na mbili, nimesimama mstarini na bendera mkononi. Leo nina wajukuu. Hiyo kesho imekwama wapi?

— Imekwama mlangoni, kwa sababu yeye hajatoka, alisema Singapore. Manze, mimi ningepewa nchi wiki moja tu, sheria ya kwanza: ukifika miaka arobaini na tano, bungeni unatoka. Unapewa keki, unapigwa picha, unaenda nyumbani.

— Arobaini na tano ni kidogo, alisema Kijana. Weka hamsini.

— Hamsini kwa sababu gani?

— Kwa sababu ya uzoefu.

— Kwa sababu yako, alisema Généreuse. Donc weye mwaka kesho kutwa ukifika hamsini, utasukuma iende sitini.

Kijana alijikohoza. Alikuwa amevaa fulana ya semina ya uongozi wa vijana, ile ya kijani, imepauka mpaka maandishi yanasomeka kwa anayeyajua tu.

— Munanicheka, alisema, mais mimi nafanya kazi na vijana. Shida ya nchi zetu ni vijana kukimbilia kiti bila kuandaliwa. Waandaliwe kwanza. Semina. Mwaka wa kwanza, kusikiliza. Mwaka wa pili, kusikiliza zaidi. Mwaka wa saba, wanaruhusiwa kuuliza swali.

— Na mwaka wa nane wana mvi, alisema Singapore. Hapana buda. Tufanye kama leseni ya gari ya hapa. Kijana akichaguliwa, anabandikwa ile herufi ya L, nyuma na mbele. Anaongoza saa mia na ishirini, zinaandikwa kwenye daftari. Akimaliza bila kugonga kitu, anapewa P nyekundu, ya majaribio. Halafu P ya kijani. Singapore waliendesha nchi hivyo hivyo, kwa mtihani.

— Na pembeni yake anakaa nani? aliuliza Kijana. Sheria ya L inataka mtu mwenye leseni akae pembeni. Huyo ndiye mzee.

— Mzee ambaye ameshaigonga hiyo gari mara ngapi? alisema Généreuse. Ameitumbukiza mtoni, ameuza tairi, ameuza viti, amebaki na honi. Ndiye akae pembeni amfundishe mtoto?

Tulicheka, yeye hakucheka. Alimimina kahawa kwenye vikombe, na mkono wake ulikuwa na haraka ya mtu aliyekasirika tangu asubuhi.

— Niwaambie, alisema. Leo nimeamka saa kumi alfajiri, nimepanda treni, nimeogesha wazee tisa. Maji ya moto yanatoka ukigusa tu. Kuna bibi mmoja ananiambia, darling, maji haya yamezidi kidogo. Nayapunguza. Na wakati nayapunguza nafikiri: mama yangu, kule kijijini, miaka themanini, kila asubuhi anakwenda mtoni na ndoo. Mtoni! Nchi ile ina ziwa ambalo ukisimama ufukweni ng'ambo huioni, ina mvua, ina mito, na mama yangu anakwenda na ndoo, kwa sababu bomba lililojengwa lilipita nyuma ya ukuta wa mkubwa fulani likabaki huko huko. Na huyo mkubwa tunamwita Excellence. Mimi siulizi nchi itakuwa tajiri lini. Mimi nauliza nani atavunja ule ukuta.

Singapore alijaribu.

— Basi tuwalete mawaziri wote hapa. Ndege moja. Kila mmoja shifti moja ya usiku kwa Généreuse. Aogeshe, abadilishe shuka, aitwe darling. Asubuhi tunamrudisha.

— Ataomba visa abaki, alisema Kijana.

— Basi abaki! Nchi ipumue. Na kama hiyo haitoshi, tuikodishe nchi yote kwa Singapore miaka ishirini. Waje, watengeneze, watuachie funguo.

— Ile siku ya kukabidhi funguo, alisema Généreuse, mutamtuma nani kupokea? Mutamtuma huyu wa semina.

Ndipo Préfet aliposema. Huwa hasemi mpaka wengine wamechoka, na akisema hutazama mbele, kama mbele yake kuna darasa.

— Munapoteza wakati. Kijana mwenye akili akitoka kule, hatoki ili arudi. Mimi nilikaa kambini Tanzania miaka kumi na minne. Nilisimama mstari wa chakula, mstari wa kuni, mstari wa mahojiano. Nilijibu maswali yale yale kwa watu saba tofauti ili watoto wangu wasisikie risasi tena. Nani atakayenieleza mimi habari ya vijana kuongoza? Wale wakubwa hawaachi kitu. Ukigusa bomba lao wanakugusa. Anayerudi huko kwa hiari yake, huo si uongozi. Huo ni ujinga.

— Ujinga, Préfet? alisema Généreuse polepole.

— Nimesema.

Tukatazama vikombe vyetu. Kila mtu kwenye benchi lile alijua habari ya nani inazungumzwa, na kila mtu alikuwa amezoea kuizunguka.

Upande wa stesheni alikuja mwanamke kijana, anatembea nusu anakimbia, ndani ya koti la kiume lililomfika magotini. Simu ilikuwa mkononi. Alisimama mbele ya benchi, akahema.

— Jambo yenu, bapapa. Jambo, maman. Mimi naitwa Bénie, niko kwa mume wangu Merrylands, nimefika wiki tatu zilizopita. Naomba radhi, nilipanda treni ya kwenda mjini badala ya kuja huku. Hapa ndipo kijiwe cha watu wa Baraka?

— Watu wa Baraka, watu wa Machakos, wa kila mahali, alisema Singapore. Kaa, dada. Tunajenga nchi.

— Munajengaje?

— Tunatafuta namna vijana watashika uongozi.

Bénie alitutazama mmoja mmoja. Nilidhani atacheka.

— Mimi namjua mmoja, alisema. Nimenywa maji yake. Mtaa wetu ulikuwa na bomba saba, zote kavu, miaka minne. Alikuja dada mmoja kutoka huku kwenu. Hakufanya semina. Alitembea na ule mstari wa bomba kwa miguu, na vijana kumi nyuma yake, mpaka walipofika kwenye ukuta wa mkubwa. Bomba lilikuwa limekatwa, limeingizwa kwake, linajaza bwawa la samaki. Walichimba siku sita. Walitishwa, wakachimba. Siku ya saba maji yalitoka mtaani. Sasa watoto wanafika shule wameoga. Mama yangu anakaanga maandazi kuuza, kwa sababu asubuhi yake imerudi. Wanawake wamepata saa tatu kila siku ambazo zilikuwa zinakwisha njiani na ndoo. Wamefungua kinu cha muhogo. Hiyo ndiyo habari yangu.

Généreuse alikuwa ameweka chupa chini.

— Na sasa? aliuliza.

— Sasa leo wanachagua mwenyekiti wa kamati ya maji. Mkutano ni saa mbili asubuhi, kule. Hapa ni saa kumi. Ni sasa hivi. Watu wanamtaka. Lakini munajua desturi yetu: kabla ya kunyoosha mikono, lazima mtu wa ukoo wake asimame, aseme huyu ni wetu, amtaje jina. Asiyetambuliwa hapigiwi kura. Ukoo wake kule umekwisha, wengine wamekufa, wengine wako huku. Watu wa mkubwa wanajua. Wanatangaza kwamba hana kwao, kwamba ni Mwaustralia aliyetumwa kuja kuchukua ziwa. Akikosa leo, kiti anakaa shemeji wa mkubwa, na bomba linarudi bwawani kabla ya mvua. Wazee wamekubali atambuliwe kwa simu. Alipiga jana. Alibipu, akangoja usiku mzima.

Hakumtazama Préfet aliposema hayo. Lakini sisi tulimtazama.

— Jina lake nani? aliuliza Singapore, akisahau kwamba jina hilo halitajwi.

— Aliniambia nisilitaje hapa, alisema Bénie. Alisema mwenye kulikataza ndiye mwenye kulirudisha.

Simu mkononi mwake ilikuwa imeshaunganishwa. Aliigeuza, akaweka sauti kubwa. Ilitoka kelele ya watu wengi, mtoto analia, jogoo, mtu anagonga meza. Kisha sauti ya mzee, mbali, kama inatoka ndani ya debe:

— Tunauliza mara ya kwanza. Nani anamtambua huyu?

Kijana aliruka.

— Nipe niseme mimi. Mimi ni mwenyekiti wa vijana, jumuiya nzima ya hapa inanijua.

— Weye ni baba yake? aliuliza Généreuse.

Kijana alikaa. Singapore alizima simu yake, akaiweka mfukoni pamoja na waziri wake. Mimi nilitaka kusema kwamba kila Ijumaa usiku nasikia ule mlio, kwamba ukuta ni mwembamba, kwamba najua yeye pia hufungua macho. Sisi sote watano, wenye leseni za P na nchi za kukodisha, hatukuwa na neno moja la kumpa mtu aliyechimba siku sita.

— Mara ya pili, ilisema simu. Nani anamtambua?

Kule nyuma mtu alicheka, kicheko cha mwanamume aliyeshiba. Wengine wakaanza kunong'ona. Préfet alikisikia kicheko kile.

— Papa, alisema Bénie, na sasa sauti yake ilikuwa na hasira, si ya kuomba. Munakaa hapa kila Jumamosi munawatukana wale wakubwa. Huyu amewagusa. Mumemwacha peke yake. Mutaendelea kungoja kijana gani mwingine?

Préfet alimnyooshea Généreuse kikombe. Généreuse aliinamisha chupa juu yake, ikatoa tone moja, basi.

— Mara ya tatu na ya mwisho.

Préfet alisimama. Alivua kofia ya sufu, akaishika kifuani kwa mikono miwili, kama anayesimama mbele ya shule nzima asubuhi ya kwanza ya muhula. Bénie akamwinulia simu mpaka mdomoni. Treni ya kwenda Penrith ilikuwa inaondoka; akangoja imalizike. Kule nako wakangoja.

— Mimi ni Dieudonné, alisema. Wengi wenu niliwafundisha, na wengine niliwachapa. Kama kuna anayecheka hapo, asimame nimwone. Huyo ni mtoto wangu. Nilimzaa hapo hapo, mtaa huo huo, usiku wa mvua. Nilimkataza kurudi kwa sababu niliogopa. Ni wetu. Anaitwa Gloire.